Hesabu ya Ijumaa

Ziwa hili halikuumbwa, lilichimbwa.
Walitoa kokoto za barabara, wakaacha shimo,
na mto Nene, wenye jina la bure
(ni mwembamba, aliye ng'ambo waweza kumwomba kiberiti),
ukapenyeza maji yake humo, usiku baada ya usiku.

Sasa ni matete, bata,
na wavuvi wanaovua samaki kisha wakawarudisha majini.
Na mimi, kila Ijumaa nikitoka zamu,
sare ingali inanuka dawa ya sakafu,
na daftari la Bi. Enid Tebbutt mkononi.

Miaka thelathini na mmoja alihesabu kereng'ende wa hapa.
Kisha miguu ikagoma.
Siku ya kwanza aliuliza jina langu. Tatu, nikasema,
maana yake ni tatu.
Akacheka hadi kikohozi: basi wewe ndiye.

Akanipa masharti.
Jua liwe limewaka. Upepo usiwe wa kuvua watu kofia.
Tembea; aliyekupita usimngoje,
maana atarudi, nawe utamhesabu mara mbili.
Akitua, tazama mbawa:
akizifumba mgongoni kama mtu afungaye kitabu,
ni wa jamii ile nyembamba;
akiziacha wazi kama shuka kambani,
ni mbabe, andika ukurasa wa kulia.

Yeye ana majina yao ya Kilatini. Mimi nina yangu.
Wale wa buluu, wanaoshona hewa bila uzi: Sindano.
Wale wenye doa la wino kwenye kila ubawa,
kama waliotoka kituoni sasa hivi: Wapiga Kura.
Yule wa mbawa rangi ya chai isiyo maziwa: Mkavu.
Na yule mkubwa, kifua kijani, mkia buluu,
anayepita ukingoni juu chini, juu chini,
akifukuza kila mwenye shughuli yake ndogo:
Mgambo.

Ijumaa moja ya Julai sikuenda.
Mgongo uliniuma, basi lilikuwa limesimama tayari,
nikapanda, nikalala, na jioni nikaandika kitandani:
Sindano arobaini. Mgambo wawili. Mkavu mmoja.
Ule mmoja niliutia ili uongo uwe na adabu.

Bi. Enid akasoma kwa kidole.
Kisha akatazama dirishani.
"Na ile mvua," akasema, "waliruka vipi?"

Njia ya mwongo ni fupi.
Yangu ilikuwa na urefu wa kioo kimoja.

Hakunigombeza. Alitaka kalamu.
Akakata arobaini, akakata wawili, akakata mmoja,
akaandika duara,
duara la mkono unaotetemeka, kama yai lililokanyagwa.
"Sifuri nayo ni hesabu, Tatu.
Lakini lazima uende ukaione."

Leo nimeenda.
Sindano kumi na tisa. Wapiga Kura saba,
wawili wameshikana, wamejikunja mfano wa pete
iliyotengenezwa na sonara mlevi.
Mgambo mmoja.
Na kwenye tete, shubiri moja juu ya maji,
gamba: kavu, jepesi, miguu sita ingali imeng'ang'ania,
mgongo umepasuka,
nyuzi nyeupe zikichungulia kwenye mpasuko.
Nimelileta ndani ya glavu ya kazini.

Analiweka kiganjani, hapumui, lisipeperuke.
"Miaka miwili kwenye tope," anasema,
"kwa wiki chache za jua."
Nahesabu yangu kimoyomoyo. Minane, zamu za usiku tupu.
Simwambii.

"Kwenu mnamwitaje?"
Kereng'ende.
"Kerengende."
Hapana. Ng'. Kama ng'ombe. Itoke puani.
"Keren-gen-de."
Anavua meno ya bandia, anayaweka kwenye sahani ya biskuti,
anajaribu tena.
Karibu, namwambia. Bado kidogo.

Ukurasa wa kulia, chini kabisa, ninaandika:
gamba, moja.